Mnyama wa Siku Ile

Sindano hakupenda watu wanaojibu kabla hawajaulizwa, na Profesa alianza kujibu tangu getini.

"Aliondoka na dereva," alisema, salamu hata haijaisha. "Nilimwona kwa macho yangu haya. Aliingia kwenye gari la yule kijana, mlango ukabamizwa, wakaenda zao. Nimeshawaambia wenzako jana. Sijui mnarudi kutafuta nini."

"Habari za mchana, Profesa."

"Nzuri. Samahani. Nzuri tu, Bi Inspekta."

Jina la Sindano alipewa na mahabusu, si na wakubwa wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, na aghalabu mtu alikuja kujua kwamba amechomwa wakati yeye ameshafunga mlango na kwenda. Nyuma yake alikuja Sajini, mtu wa miraba minne, ambaye aliwahi kumnyang'anya jambazi panga bila hata kofia kumdondoka. Leo huyo huyo alikuwa anaburuta miguu kama mtoto anayepelekwa kunyolewa.

"Afande, mimi maiti naziweza," alikuwa amesema garini. "Maiti ina jina, ina ndugu wanaolia nje. Lakini ile mifupa ya mle ndani, hapana. Ile haina wa kuililia. Inakuangalia tu."

"Haina macho, Sajini."

"Ndiyo maana nasema."

Jengo lenyewe lilikuwa la taasisi ya utafiti wa miamba. Mtafiti mmoja wa hapo, mwanafunzi wa zamani wa Profesa, mwanamke ambaye kazini kila mtu alimwita Daktari Mdogo, hakurudi nyumbani tangu juzi jioni. Mchumba wake, dereva wa lori wa taasisi hiyo hiyo, alikuwa mahabusu. Alikiri kwamba waligombana kwenye simu. Alikiri kwamba alikwenda kumchukua kwa gari la kuazima. Ila alisema alipiga honi pale getini mpaka mlinzi akamkemea, mwenzake hakutoka, naye akaondoka amenuna. Mlinzi alithibitisha honi na kununa. Kama ndani ya gari kulikuwa na mtu mwingine, hakuangalia, kwa kuwa alikuwa anatafuta kibatari: umeme ulikatika gari lilipokuwa linageuza tu, ukarudi usiku.

Basi lilikuwa neno la dereva dhidi ya neno la Profesa, na Profesa ana vyeti ukutani. Mkuu wa kituo alitaka jalada likamilike jioni hii, dereva ashtakiwe kwa mauaji, na maiti itapatikana huko mbele.

Sindano angeweza kukubali. Kilichomzuia kilikuwa kimekaa kwenye benchi la kituo tangu jana: dada mkubwa wa Daktari Mdogo, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Afande, niambie kweli," alimwuliza asubuhi. "Mdogo wangu yu hai?"

"Sijui, mama."

"Basi mtafute kama mtu aliye hai. Wenzako wanamtafuta kama maiti, nimewasikia. Wanauliza habari za mito na mashimo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza anaumwa nini, anatumia dawa gani, anavumilia kiu au havumilii." Akajifuta uso kwa ncha ya tepu bila kujua. "Havumilii. Tangu mdogo hawezi kulala bila maji karibu na kitanda."

Sindano akauliza habari za kazi.

"Kazi ilimnyima usingizi. Wiki iliyopita aliniambia, dada, mnyama wa Profesa hakufa siku ile. Nikamwambia, kufa ni kufa, siku ipi wewe inakuhusu nini? Akacheka, kisha akaanza kulia. Nikadhani ni mambo ya mchumba."

Kwa hiyo Sindano alikuja na swali moja, na sasa, mlango mzito wa ghala la taasisi ulipofungwa nyuma yao, akalitoa.

"Profesa, siku ile ni siku gani?"

Profesa alisita, mkono ukiwa bado kwenye komeo. "Siku ipi?"

"Ndiyo nakuuliza. Mnyama wako alikufa siku ile. Ipi?"

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Ukimwuliza mtu kazi aliyoipenda maisha yake yote, atasahau kwamba wewe ni polisi.

Ghala lilikuwa refu, halina dirisha hata moja. Rafu za chuma zilipanda mpaka darini, kila moja imejaa trei za mawe yaliyokatwa kwa msumeno, laini, sawasawa, kama vipande vya sabuni. Kando ya ukuta wa mwisho yalipangwa makasha ya mbao yaliyokwisha kupigiliwa misumari, marefu kama ya kubebea milango, na harufu ya mbao mbichi ilichanganyika na vumbi la mawe. Feni kubwa za kukausha hewa zilivuma juu, kwa hiyo watu wote walisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyostahili. Katikati, juu ya meza, palikuwa na fuvu. Taya zilikuwa wazi, na kila jino lilikuwa na urefu wa kiganja.

Sajini alilipa mgongo. Halafu akaona ni afadhali aligeukie.

"Huyu ndiye," alisema Profesa. "Mnyama wangu. Dinosau pekee aliyekutwa ndani kabisa ya vumbi la siku ile. Wengine wote wapo chini ya mstari, walikufa kabla. Huyu alikufa siku yenyewe."

"Na makasha?"

"Mwili wake. Mgongo, mapaja. Vinakwenda ng'ambo kwenye maonyesho. Vilikuwa viondoke jana asubuhi." Akakunja uso. "Lakini dereva wetu wa lori ni mmoja tu, nanyi mmemfungia. Nimekodi mwingine, anakuja baadaye kidogo. Nawaomba sana asicheleweshwe."

"Hatutamchelewesha. Nieleze kama jalada, Profesa. Sisi tunaelewa majalada. Marehemu?"

"Ninyi huwa mna maiti moja, mbili. Mimi nina robo tatu ya aina zote za viumbe vilivyokuwa duniani. Dinosau wote, isipokuwa wale waliokuja kuwa ndege. Wanyama wa baharini. Mpaka vijidudu."

"Lini?"

"Miaka milioni sitini na sita iliyopita."

"Silaha?"

"Jiwe. Lilitoka angani. Ungeliweka hapa nje, kilele chake kingefika zinakopita ndege za abiria."

Sajini aliangalia dari.

"Ushahidi?" akauliza Sindano.

Hapo Profesa akavuta trei kutoka kwenye rafu, akaiweka mezani kando ya taya. Vipande vya mwamba mweupe vilikuwa vimepangwa safu moja, na katikati yao kimoja cha udongo mweusi, unene wa kidole.

"Huu hapa. Jiwe lilipopiga, lilisagika pamoja na ardhi iliyopigwa, vumbi likazunguka dunia nzima, likatua kila mahali. Chimba bara lolote, mahali palipo na mwamba wa umri huo, utaukuta mstari huu. Una madini yanayoitwa iridi. Hapa kwetu chini ni haba mno, ila kwenye mawe ya angani yamejaa tele. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya muuaji." Akampa lenzi. "Upande wa ukutani ndio juu, siku zote. Hilo hata mfagizi analijua. Upande wa kwako ndio chini, zamani zaidi. Angalia chini ya mstari."

Sindano aliinama. Mwamba uliokuwa chini ya udongo ulijaa vigamba vya duara, vidogo kuliko chembe za sukari, vimesongamana.

"Viumbe vya baharini," alisema Profesa. "Haya, sasa angalia juu."

Juu ya mstari hapakuwa na kitu. Weupe mtupu.

"Walikwenda wapi?"

"Hawakwenda. Waliisha." Profesa alibandua chembe ya ule udongo mweusi kwa ukucha, akaitia mdomoni, akaisaga kwa meno ya mbele. "Na huu ndio mtihani wetu wa shambani. Mwamba wa kawaida unakwaruza meno. Udongo huu hauna hata chembe ya mchanga. Ni kama siagi. Wanajiolojia wote tunafanya hivi, usicheke."

"Nilidhani ni wajawazito tu," alisema Sajini.

Profesa alicheka, na kicheko kilikuwa cha mtu mwema. Sindano alikisikiliza mpaka kikaisha.

"Meza ya Daktari Mdogo ni ile yenye utepe wetu?"

"Ile. Sajini wako aliifunga jana alfajiri, hata mimi sijaigusa."

Sindano aliinua utepe wa polisi. Juu ya meza kulikuwa na kikombe, koti la kazi kwenye kiti, na trei moja kama ile ya kwanza: mawe meupe safu moja, udongo mweusi katikati.

"Trei hii aliipanga nani?"

"Yeye na mimi. Juzi, kabla hajaondoka. Aliileta kutoka milimani kwa ajili ya kulinganisha."

"Taa zikiwaka?"

"Taa zote ziliwaka, kama mchana kweupe. Umeme ulikatika baadaye, mimi nikiwa njiani kwenda nyumbani. Nilitoka nyuma ya gari lao."

Sindano aliinama na lenzi. Aliangalia upande wa kwake, kisha upande wa ukutani. Akarudia. Halafu akaangalia kile kipande cha udongo kwa muda mrefu kuliko vyote. Pembeni mwake kulikuwa na vijishimo viwili vilivyoandamana.

Alifungua mdomo kuuliza, na umeme ukakatika.

Giza la ghala lisilo na dirisha si giza la usiku. Usiku una nyota, una jirani mwenye taa. Hili liliwafunika wote mara moja, na feni zikapunguza mvumo, zikapunguza, zikanyamaza. Hapo ndipo walipotambua jinsi walivyokuwa wanapaza sauti. Sajini alimtaja Mungu.

"Msisogee, kuna mawe sakafuni," ilisema sauti ya Profesa. "Utarudi. Siku hizi ni hivi hivi."

"Tochi iko garini, afande," alisema Sajini. "Na simu zetu zote mbili zinachajiwa humo humo. Nikavichukue?"

"Subiri. Profesa, endelea. Jiwe limepiga. Halafu?"

"Hivi gizani?"

"Kwani wao walikuwa na taa?"

Profesa aliposema tena, alisema taratibu, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa aliyelala.

"Waliokuwa karibu hawakusikia chochote. Mlio unatembea polepole kuliko mauti yale. Waliokuwa mbali waliona anga limegeuka rangi. Vumbi lilirushwa mpaka nje ya hewa, kisha likaanza kurudi, likiwaka, kila chembe. Anga zima likawa kama mlango wa tanuri. Misitu ikashika moto. Na moshi na masizi vilipotanda, jua likapotea."

"Kwa muda gani?"

"Miezi. Huenda miaka. Baridi ikaja. Majani hayaoti bila jua, kwa hiyo walao majani walikonda, wakaanguka. Walao nyama," na hapa mkono wake ulisikika ukiligusa fuvu, kucha juu ya jino, "walao nyama walishiba kwa muda. Chakula kilikuwa kimelala kila mahali. Walitembea gizani, wakijikwaa, wakila. Halafu nacho kikaisha. Mimi humfikiria yule wa mwisho, Bi Inspekta. Lazima alikuwapo mmoja wa mwisho. Anaita, anasikiliza, hakuna anayejibu."

Mahali fulani kwenye rafu chuma kililia kikipoa, na Sajini akashika bega la afande wake bila kuomba ruhusa.

"Nani alipona?" akauliza Sindano.

"Wadogo. Waliojichimbia ardhini. Waliokula mbegu na vilivyooza. Ndege wachache, na babu zetu sisi, wakubwa kama panya."

"Kumbe mashahidi wako wote walikuwa mashimoni. Hawakuona kitu."

"Hawakuona. Ndiyo maana tunauliza mawe."

"Basi na mimi niyaulize," alisema Sindano. Alirudi meza ya katikati kwa kupapasa, akaipata trei ya kwanza, ile aliyoonyeshwa na Profesa, akatoa vipande vyote, akavichanganya mezani kwa viganja viwili. Mawe yaligongana.

"Unafanya nini?" Profesa alisogea haraka. "Hiyo ni sampuli! Tafadhali, utaniharibia!"

"Nitakurudishia. Tulia hapo hapo."

Alijaribu kwa vidole. Kila kipande kilikuwa na upana mmoja, ulaini mmoja, uzito mmoja. Vile vigamba vilikuwa vidogo mno, ncha ya kidole ilipita juu yake isihisi lolote. Kipande kimoja tu alikidhania ni tofauti, lakini juu ya mawe yale makavu vumbi lilikuwa limeshalainisha kila kitu na hakuwa na hakika. Akakitia kati ya meno. Siagi. Akakiweka katikati, na mawe mengine akayapanga huku na huku kwa kubahatisha.

"Sajini, fungua mlango wa nje. Weka jiwe usijifunge."

Sajini hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliposukuma mlango, mwanga wa mchana uliingia mrefu na mwembamba mpaka mezani. Sindano alichukua lenzi, akaikagua trei aliyoipanga. Vigamba vilikuwa juu ya mstari, chini yake, vimechanganyikana ovyo. Udongo mweusi tu ndio uliokuwa mahali pake.

"Ahaa," alisema.

Profesa alisimama kando ya fuvu, nusu ya uso ikiwa kivulini.

"Profesa, trei ya mwanafunzi wako iko kichwa chini. Viumbe vyote viko juu ya mstari, na chini hakuna hata kimoja. Kwa mujibu wa trei ile, jiwe la angani ndilo lililoleta uhai."

"Haiwezekani."

"Njoo uangalie."

Hakuja.

"Asiyejua kazi hii angevipanga ovyo, na udongo asingeujua hata kidogo," alisema Sindano. "Lakini udongo uko katikati kabisa, na una alama ya meno. Ni mjuzi aliyeupanga. Sasa mjuzi mwenye taa asingegeuza juu kuwa chini, si wewe wala yeye. Mmefanya hivi maisha yenu yote. Anayebaki ni mjuzi asiyeona. Trei ilianguka, na mtu akaokota mawe gizani, akautafuta mstari kwa meno, mengine, yaliyomwagika mafungu mawili, akayarudisha kwa kupapasa bila kujua fungu lipi ni la juu, ili asubuhi ionekane hapakutokea kitu. Na juzi giza liliingia baada ya dereva kugeuza gari. Wewe unasema ulishaondoka."

"Labda... labda yeye mwenyewe..."

"Yeye ulimwona akiingia garini, kwa macho yako haya."

Profesa aliangalia mlango, lakini Sajini alikuwa ameujaza wote.

"Alisema vumbi langu si lile," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka mno. "Alilipima. Halina iridi. Ni majivu ya volkeno tu, ya zamani zaidi. Mnyama wangu alikufa kifo chake cha kawaida, kwa uzee pengine, na hakuna aliyemjali. Miaka yangu yote, Bi Inspekta! Watoto wanajifunza habari za mnyama huyu shuleni. Nikamwambia ngoja maonyesho yapite. Akasema hawezi, alishawaandikia wa ng'ambo barua, ataipeleka kesho yake. Nikamsukuma. Mara moja tu, kama unavyomsukuma mtu akupishe. Akaanguka na trei yake, kichwa kikapiga pembe ya rafu. Na hapo hapo umeme ukakatika. Nikabaki naye gizani, sina tochi, simu imeisha chaji."

"Yuko wapi?"

Macho ya Profesa yalikwenda ukutani, kwenye makasha, yakarudi.

"Ungemsingizia mtu mwingine yeyote, Daktari Mdogo angekuwa melini sasa," alisema Sindano. Hasira ilikuwa imempanda, akafunga mikono kifuani. "Umemfungisha mtu pekee anayejua kuendesha lori lako. Kasha lipi?"

"Alikuwa ameshakufa. Naapa. Nilimpima mshipa wa shingo, nikasikiliza pua. Hakukuwa na kitu. Alikuwa ameshakufa nilipomlaza."

"Ulimpima gizani."

"Ndiyo."

"Kwa mkono ule ule uliopanga yale mawe."

Profesa alimkodolea macho. Sindano aliona neno lile likimwingia, likishuka, likifika. Sajini hakusubiri lifike. Alishapita mbio, amenyakua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa kwenye rafu, mifupa yote ameisahau.

"Kasha lipi, mzee? Sema!"

"La pembeni kule. La mwisho. La paja."

Mbao zililia. Msumari wa kwanza ulitoka umepinda, wa pili ukaruka na kugonga fuvu. Sajini alikuwa anapumua kama anayechimba kaburi, ila anakwenda kinyume. Kifuniko kilipong'oka, ndani palionekana maranda tu, mepesi, ya manjano, na Sindano akaingiza mikono mpaka kwenye viwiko. Akagusa nguo, kisha bega. Akayafukua maranda mpaka uso ukatokea: wa kijivu, midomo imepasuka, damu kavu kwenye nywele, macho yamefumbwa. Alibonyeza vidole viwili shingoni.

Hakuhisi kitu.

"Afande?" alinong'ona Sajini.

Sindano alibonyeza tena. Hakuna. Huko mezani Profesa alianza kulia, kilio cha mtu aliyejua, na kwa kitambo kidogo Sindano naye alijua, akamwona dada mkubwa akinyanyuka kutoka kwenye benchi. Kisha akajikasirikia.

"Siyaamini haya mavidole," alisema. "Tuyavute makasha mengine, mwanga ufike. Vuta!"

Walivuta. Mwanga ulitambaa sakafuni, ukapanda ubao, ukafika kwenye uso. Sindano alivua saa yake ya mkono, akaifuta kwenye sketi, akaishika kwa kioo chini ya pua ya yule mwanamke. Hakupumua yeye mwenyewe. Sajini pia hakupumua.

Kioo kikafifia. Kikang'aa. Kikafifia tena.

"Yu hai," alisema Sindano, na alisema kwa sauti ambayo Sajini hakuwahi kuisikia kwake. "Yu hai! Maji, upesi, na uite gari la wagonjwa, kimbia!"

Sajini alikimbia. Alirudi na chupa ya maji ya mlinzi na simu zote mbili, huku anaongea na hospitali na kumtukana mtu wa zamu kwa wakati mmoja. Sindano alilowesha kitambaa, akakibana tone kwa tone kwenye midomo iliyopasuka. Koo lilisogea. Alichukua simu, akapiga. Ilipokelewa kabla haijalia vizuri, na upande wa pili hakuna aliyethubutu kusema halo.

"Mama," alisema Sindano, "ni mimi. Ngoja uongee na mdogo wako. Yeye hataweza kujibu sasa hivi, lakini wewe ongea. Mwite jina lake la nyumbani."

Akaiweka simu sikioni mwa Daktari Mdogo. Ilisikika sauti ndogo, ya mbali, ikiita, ikiita, ikicheka na kulia pamoja. Kope za mwanamke aliyelala kwenye maranda zilicheza. Kisha zikafunguka.

Profesa alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola.

"Ashukuriwe Mungu," alisema. "Ashukuriwe Mungu. Sikujua. Kama ningejua anapumua ningembeba mwenyewe mpaka hospitali. Ni lile giza. Mnaniamini? Lilikuwa giza, nikakosea."

Moyoni Sindano alikuwa ameshaanza kumkubalia; yeye mwenyewe alikuwa amegusa shingo ile na kuhisi mauti. Sajini, ambaye hakuwa na roho ngumu kama mwili wake, alimwinamia mzee.

"Basi, mzee. Gizani mtu hukosea. Utayasema hayo mahakamani."

Kutoka ndani ya kasha midomo ilisogea. Sindano alitoa simu, akainamisha sikio. Lakini Daktari Mdogo hakuwa anaongea naye. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo, kwa shida, akiangalia mezani.

"Nilikuita, Mwalimu," alisema.

Kilio cha Profesa kilikatika.

"Ulipokuwa unapigilia. Nilizinduka, nikakuita jina lako."

"Sikusikia, mwanangu. Wallahi sikusikia."

"Ulisikia." Alimeza mate yasiyokuwapo, Sindano akambania maji mengine. "Uliitika. Ulisema, naam."

Akafumba macho, akapumzika, akayafungua tena.

"Ukanyamaza kidogo. Halafu ukapigilia msumari mwingine."

Sajini alinyooka, akatoa pingu.